Kuunganisha kliniki za HIV Kisumu: vijana watabaki na nani?

Kwa karibu miaka 20, mgonjwa wa HIV katika hospitali za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori amekuwa na mlango wake. Tunauita CCC, kifupi cha Comprehensive Care Centre, yaani kliniki ya HIV peke yake. Una faili zake, dirisha lake la dawa na wahudumu wake, ambao mishahara yao mara nyingi ililipwa na wafadhili wa nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada, na baadhi ya wagonjwa wakafika asubuhi wakakuta mlango huo umefungwa na waliokuwa wakiwahudumia wametumwa nyumbani. Wizara ya Afya ikaagiza huduma za HIV ziunganishwe na kliniki za kawaida. Mwenye HIV apange foleni moja na mwenye malaria, mwenye presha na mwenye kisukari.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi watu wazima: nani atatoa dawa, nani atalipa, zitadumu hadi lini. Asiyekuwapo na lake halipo, na vijana balehe, wale wa miaka 10 hadi 19, hawakuwapo. Agizo hilohilo likimfikia mwanamume wa miaka 45 na msichana wa kidato cha pili, halizai matokeo yaleyale.

Nianze na wanaotaka kliniki ziunganishwe, kwa sababu hoja zao zina uzito ambao wengi waliozoea CCC huupuuza. Mlango wa pekee humtangaza anayeupitia. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wa miaka 15 hadi 64 Homa Bay wana HIV, na asilimia 17.5 Kisumu, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Ungedhani mahali ambapo karibu kila ukoo umeguswa, aibu ingekuwa imeisha. Haijaisha. Wapo vijana wa Ahero wanaopanda matatu hadi Kisumu mjini na kuacha kituo kilicho karibu na kwao, ili jirani asiwaone kwenye benchi lile. Nauli ikikosekana tarehe inapita, na dawa zinaisha. Kwenye foleni ya wote hakuna anayejua kama umeletwa na kikohozi au na jambo jingine.

Kisha kijana ana mwili mzima, hana virusi peke yake. Akija CCC akiwa anataka njia ya uzazi wa mpango, au ana vidonda vya tumbo, au amekosa usingizi kwa mawazo, mara nyingi huandikiwa karatasi aende jengo jingine akaanze foleni upya. Wapo wasiofika huko. Kliniki moja inayomtazama yote kwa pamoja ingemfaa zaidi.

Hoja inayonigusa kuliko zote ni ya haki. Ukanda huu wa ziwa una watoto wengi wenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Nao humeza dawa kila siku, hukosa shule, hulazwa, huzika wenzao. Hawakujengewa mlango, hawakupewa Jumamosi yao ya kliniki kama vijana wenye HIV, na dawa zao mara nyingi mzazi huzitafuta kwa fedha za mfukoni. Mzazi huyo akiuliza kwa nini ugonjwa mmoja ulitengewa kila kitu na mwingine ukaachwa kwenye foleni, jibu la kweli ni kwamba mfadhili alichagua. Nchi haiwezi kuendelea kujenga afya ya watoto wake kwa mtindo huo, na anayetetea kliniki za vijana wenye HIV bila kumjibu mzazi huyu hajamaliza kazi yake.

Upande wa pili una mambo mengi zaidi, na ndiko nitakakokaa.

Fikiria chumba cha wagonjwa wa nje katika hospitali ya kaunti ndogo, Jumatatu asubuhi. Maafisa wa kliniki ni mmoja au wawili, na watu wamejaa hadi uani. Kila mgonjwa anapata dakika chache. Mtu mzima aliyemeza ARV kwa miaka mingi zinamtosha: hali yako, dawa zako, tuonane baada ya miezi 6. Kijana hazimtoshi. Ukimuuliza kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Ukimuuliza kama anameza dawa, atasema anameza. Vipimo vinaonyesha virusi vimepanda, nawe huwezi kujua kama amechoka, au shangazi anayeishi naye hajui hali yake, au amepata mpenzi na anaogopa kopo la dawa litaonekana. Maneno hayo hayatoki siku ya kwanza. Hayatoki mbele ya mtu asiyemfahamu, wala mlango ukiwa wazi na mgonjwa wa pili ameshatia mguu ndani.

Kuna pia kuambiwa kwamba una HIV. Mtoto aliyezaliwa na virusi hulelewa mara nyingi na nyanya au shangazi, na kwa miaka ya kwanza huelezwa kwamba dawa ni za kifua au za damu. Mwongozo unataka aambiwe ukweli hatua kwa hatua kabla ya kubalehe. Kazi hiyo huchukua miezi, na inahitaji mtu yuleyule anayekumbuka alichosema mara iliyopita na kwamba nyanya alilia akaomba muda. Katika kliniki ambako daktari wa leo si wa mwezi ujao, mtoto husoma jina la dawa kwenye kopo, akalitafuta kwenye simu ya rafiki, akajua peke yake.

Halafu shule. Mtu asiyejua maisha ya bweni hawezi kuelewa kwa nini kijana aliyekuwa akimeza dawa vizuri darasa la saba huanza kuyumba akienda bweni. Vidonge hulia ndani ya kopo, kwa hiyo hutiwa pamba au huhamishiwa kwenye karatasi. Sanduku hukaguliwa mbele ya wenzake. Saa ya dawa inaangukia kwenye maombi ya jioni au masomo ya usiku. Tarehe ya kliniki ikiwa katikati ya muhula, lazima aombe ruhusa na aeleze anaenda wapi, na akishaeleza mara tatu darasa zima linajua. Wahudumu wazuri wa vijana walijifunza kupanga tarehe kwa kalenda ya shule, Aprili, Agosti na Desemba, na kutoa dawa za kutosha muhula wote. Walijua nesi wa shule gani anaaminika na matroni gani haaminiki. Ujuzi huo haumo katika mwongozo wowote. Ulikuwa vichwani mwa watu, na baadhi yao ndio hao waliotumwa nyumbani.

Woga wa kujulikana shuleni una historia. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wote wa shule wenye HIV, na lengo lililotajwa lilikuwa kuwapangia huduma. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo lilivunja haki ya faragha. Nia njema haikutosha kumlinda mtoto ambaye jina lake lingeandikwa pamoja na shule yake na ugonjwa wake. Kila tunapohamisha faili kutoka chumba kimoja hadi kingine, ni vema kukumbuka hukumu hiyo, kwa sababu faili ya kijana ikitua kwenye meza ambayo kila mtu huipita, madhara ni yaleyale hata bila agizo la rais.

Ushahidi unasemaje? Kuna utafiti mmoja uliofanyika hapa kwetu, katika kliniki za magharibi mwa Kenya na kusini magharibi mwa Uganda, unaoitwa SEARCH-Youth. Ulichapishwa mwaka 2023, ukihusu vijana wa miaka 15 hadi 24. Katika kliniki za majaribio, mhudumu aliuliza kwa utaratibu kuhusu maisha ya kijana: amehama, ameolewa, ana mimba, ameacha shule, ana mpenzi mpya? Saa za huduma zililegezwa, majibu ya vipimo vya virusi yakaharakishwa, na wahudumu wakapewa njia ya simu ya kushauriana wao kwa wao. Baada ya miaka 2, asilimia 88 walikuwa na virusi vilivyodhibitiwa, dhidi ya asilimia 80 kwenye kliniki za kawaida. Zimbabwe, katika wilaya za Bindura na Shamva, vijana wenye HIV walifunzwa kuwafuatilia wenzao nyumbani. Mwishoni, walioshindwa kudhibiti virusi au waliofariki walikuwa asilimia 25, na pale ambapo hakukuwa na msaada huo walikuwa asilimia 36.

Soma tena yaliyofanyika katika sehemu hizo mbili. Matokeo hayo yaliletwa na maswali sahihi, saa zinazobadilika, na kijana mwenzako anayekuja kukutafuta. Jengo halikuwa siri yake. Ndiyo maana naona mabishano yetu ya Kisumu yamekwama mahali pasipofaa. Tunagombania ukuta wa CCC, na huku mtu aliyekuwa akimpigia simu kijana aliyekosa tarehe ameondoka kimyakimya. Kwa watu wazima naunga mkono kuunganisha. Kwa vijana nakubali faili, dawa na maabara viunganishwe, lakini wakati wao na mtu wao wabaki. Alasiri moja ya Jumamosi kwa wiki, chumba chenye mlango unaofungika, mwelimishaji rika, yaani kijana mwenzao aliyefunzwa, mmoja au wawili. Na Jumamosi hiyo iwe ya vijana wote wenye magonjwa ya kudumu, wa selimundu, wa kisukari, wa kifafa. Hapo mzazi yule anapata jibu lake, na benchi halimtangazi mtu tena, maana waliokaa hapo wamekuja kwa mambo mbalimbali.

Wapo watakaosema vijana walizoeshwa vibaya: nauli ilirudishwa, mkate na soda vikatolewa, fulana zikagawiwa, na sasa bila hivyo hawaji. Kuna ukweli ndani yake. Vikundi vingine vilijaa siku za soda na kuwa vitupu siku nyingine. Lakini tutenganishe mambo. Fulana inaweza kwenda na hakuna atakayeugua. Nauli ni jambo jingine kabisa kwa mtoto wa Nyakach anayelelewa na nyanya asiye na kipato, na kuiita tuzo ni kumwonea. Vikundi vya Operation Triple Zero vilivyoenea nchini, vyenye ahadi tatu za kutokosa tarehe, kutokosa dawa na kutokuwa na virusi vinavyoonekana, viliwafanya vijana wajione kama watu wenye lengo lao wenyewe. Kikundi cha namna hiyo kinahitaji chumba na mtu wa kukiitisha, gharama ambayo kaunti inaweza kuimudu.

Kwa upande wa kinga nitasema machache. Maambukizi mapya kwa umri huu yanawaangukia zaidi wasichana, na mara nyingi aliyewaambukiza ni mwanamume aliyewazidi umri. Kwenye fuo za ziwa, biashara ya samaki bado ina jaboya, ambapo mwili hulipwa ili kupata samaki wa kuuza. Mpango wa DREAMS uliwapa wasichana mahali salama pa kukutana na mtu mzima wa kumweleza mambo kama hayo kabla hayajawa ugonjwa. Sasa kuna lenacapavir, sindano ya kinga ya mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2024, miongoni mwa wanawake 2,134 wa Uganda na Afrika Kusini waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano haihitaji kufichwa kwenye sanduku la bweni. Ila msichana wa miaka 17 akiingia kwenye foleni ya wote kuiomba, akaulizwa kwa sauti, "Wewe mtoto wa shule, hiyo ya nini?", hatarudi, na sindano itabaki kwenye ghala.

Fedha ndizo zitakazoamua. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka 5: dola bilioni 1.6 kutoka Marekani, na Kenya iongeze dola milioni 850 zake, huku fedha zikipitia serikalini badala ya mashirika. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda kipengele cha kupeana taarifa za wagonjwa, na vijana hawa wana kila sababu ya kuifuatilia kesi hiyo. Mimi naona kupitisha fedha serikalini ni hatua sahihi. Hofu yangu ni kwamba mwelimishaji rika hakuwa mtumishi wa kaunti. Alilipwa posho na shirika, na shirika likiondoka yeye hayumo katika orodha ya mishahara ya mtu yeyote. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliokabidhiwa mikoba mwaka 2023, wamepata posho inayotambuliwa na serikali, kwa hiyo njia ya kisheria ipo na imeshatumika. Bajeti ya kaunti hupita kwenye mikutano ya wananchi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Katika mikutano hiyo barabara na masoko husemewa na wengi. Kijana mwenye HIV hawezi kusimama pale akajitaja, kwa hiyo walimu, nyanya, wachungaji na manesi ndio watakaouliza kama posho ya mwelimishaji rika imo kwenye makadirio ya idara ya afya, na ni ya watu wangapi kwa kila kaunti ndogo.