Pomboo wa Taiji na pomboo wa kwetu

Mwenzangu wa kazini hapa Osaka alinialika nifuatane naye na wanawe kwenda kutazama pomboo. Nilicheka. Mimi mtu wa Kizimkazi, kijiji cha pomboo kule Zanzibar, nipande treni kwenda kumtazama pomboo! Lakini aliponitajia Taiji, kicheko kikanikauka.

Taiji ni mji mdogo wa pwani katika mkoa wa Wakayama, una watu kama elfu tatu tu. Kila Septemba 1 msimu wa kuwinda pomboo hufunguliwa. Mashua hutoka asubuhi, zikiliona kundi hujipanga nyuma yake, kisha wavuvi hugonga nguzo za chuma zilizotumbukizwa majini. Pomboo huijua njia yake kwa sikio, kwa hiyo kelele ile kwake ni ukuta. Anaukimbia, nao unazidi kumsogelea, mpaka kundi zima liko ndani ya kighuba na wavu umefungwa nyuma yao.

Hapo ndipo wanapoingia wale ambao mtalii hawafikirii: wafunzaji wa pomboo wenyewe. Huwachagua wachanga wasio na makovu, hasa majike. Hao huuzwa kwenye mabwawa ya maonyesho, ndani ya Japani na nje, China ikiwa mnunuzi mkubwa. Waliobaki wengi huchinjwa. Pomboo hai aliyefundishwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, aliyekufa ni dola mia kadhaa za nyama. Sasa niambieni mafuta ya mashua yanalipwa na nani.

Hata hivyo nilikwenda, nikakaa jukwaani na wale watoto. Pomboo akaruka, nami nikapiga makofi, ndiyo, mikono ilitangulia. Baadaye nikamuuliza mwenzangu. Akasema ni mila ya watu wa pale, na nyinyi hamli ng'ombe? Kwenye ng'ombe kanibana. Ama mila, kuvua nyangumi Taiji ni jambo la tangu 1606, lakini kuswaga makundi namna hii kulishika kasi mwaka 1969, mwaka lilipofunguliwa jumba la makumbusho la nyangumi lililohitaji wanyama hai. Mila hiyo rika lake ni mjomba wangu.

Na mjomba huyo ndiye anayenizuia kuwanyooshea Wajapani kidole. Alikuwa na chusa, ule mkuki wa kuvulia. Kizimkazi pomboo alichomwa, nyama yake ikawa chambo cha papa, na hakuna aliyeona ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakaanza kuja wageni wanaolipa kupelekwa baharini kumwona, na kabla muongo haujaisha chusa ziliwekwa chini. Hatukuwa wema kuliko Taiji. Kwetu mgeni alilipia pomboo aliye baharini, kule analipia aliyetolewa. Pesa ni ileile, ila moja ilisimamisha uwindaji na nyingine inauendesha. Mwaka 2015, shirika la dunia la bustani za wanyama lilipokisimamisha chama cha wenzao wa Japani, hao walikubali kutonunua tena pomboo wa Taiji. Makumbusho yale ya Taiji yakajitoa kwenye chama hicho, na Septemba mashua zikatoka kama kawaida, kwa sababu wanunuzi wengine walikuwapo.

Ila kwetu nako kuna aibu yake. Boti kumi zinakimbilia kundi moja, zinalikatia njia mbele, na wageni wanarukia vichwani mwa pomboo wenye watoto. Achilia mbali wanaonasa kwenye nyavu za jarife na kuzama kimyakimya. Niliporudi Osaka nilimpigia mdogo wangu, ambaye ni nahodha wa boti ya wageni. Nikamwambia wakigeuka kukimbia, zima mashine, waache wapite.

"Kaka," akanijibu, "mimi nitazima. Boti ya pili haizimi, na mgeni kesho atapanda ile."