Mguu Usio na Mwenyewe

Wateja wa picha za sherehe wako wa aina mbili: wanaotaka wachezaji wawe wengi kuliko waliokuwepo, na wanaotaka wapunguzwe. Mama niliyemfanyia kazi hii alianza katika kundi la kwanza, akahamia la pili.

Aliniletea picha ya harusi yake ya miaka 25 nyuma, imefifia kiasi kwamba sura nyingine nilizikisia tu. Alitaka niichore upya kwa rangi za mafuta, kubwa ya kujaza ukuta, izinduliwe siku ya kuadhimisha ndoa. Maharusi katikati, ndugu wamewazunguka wakicheza, na mbele kabisa bwana mmoja mwembamba, suti ya kahawia, viatu vya rangi mbili, ameinama kwa mbwembwe kuliko wote. Huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Mtu aliyesimama ukimkosea kidogo bado atasimama. Anayecheza ukimkosea kidogo, anaanguka. Akiwa juu ya mguu mmoja, kisigino kile lazima kiwe karibu chini ya shimo la koo lake, la sivyo mtazamaji atatamani kumdaka. Kwa hiyo mimi huanza na miguu, na mguu wa kulia wa shemeji niliuhangaikia kuliko uso wa bibi harusi. Ukatoka. Hata ngozi ya kiatu ilimeta.

Kisha simu ikalia.

"Fundi, yule wa mbele mtoe."

"Yupi, mama?"

"Huyo huyo anayejifanya harusi ni yake."

"Mama, ameshakauka."

"Akikauka ndiyo nini? Mtoe!"

Ugomvi wao sikuuliza. Kazi ya kuagizwa ina adabu zake.

Sasa hapa nieleze kidogo, maana balaa lote lilianzia kwenye kemia. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo huvuta oksijeni ya hewani yakagandamana polepole, na kila rangi ina mwendo wake. Kahawia iitwayo umba ina madini ya manganisi, nayo hukausha upesi. Suti ya shemeji ilikuwa imeshika kama saruji. Nyeupe ya titani ni mvivu. Na nilichomfunika nacho shemeji ni gauni jeupe la wifi aliyekuwa nyuma yake, ambalo nililitanua kutoka kichwani kwake kushuka chini: kichwa, tai, mkanda, magoti. Giza likaniingilia nikiwa nimefika kwenye ugoko. Mguu ule wa kulia nikauacha wa kesho.

Kesho yake asubuhi nikakuta pikapu mlangoni na vijana wawili wameshakunja mikono ya mashati. Sherehe ilikuwa jioni hiyo. Nikapiga simu kumwambia mama kwamba picha ni mbichi na tena kuna mguu umebaki.

"Mguu tu?" akasema. "Nani ataangalia chini?"

Degas, mchoraji wa wacheza baleti, alijulikana kwa kutaka kurekebisha kazi ambazo ameshaziuza. Mimi niliomba siku moja kabla ya kukabidhi, nikanyimwa. Njiani nikajifariji kwa mchoraji mwingine wa zamani, Bruegel. Katika picha yake ya harusi ya wakulima, ya mwaka 1567 hivi, iliyoko Vienna, kuna mbeba chakula anayeonekana kuwa na mguu wa tatu, na watu bado wanabishana ni wa nani. Kama Bruegel alipita nao, nami nitapita. Nilisahau kwamba mawifi wa Bruegel hawakualikwa kwenye uzinduzi.

Picha ikageuzwa, makofi yakalia, vigelegele vikapanda. Mama akanikonyeza. Ndipo mtoto mmoja, wale wanaofika usawa wa meza, akauliza kwa sauti iliyouzidi muziki:

"Mbona shangazi ana miguu mitatu?"

Ukumbi mzima ukainama. Mmoja akasema ni wa bwana harusi, mwingine akasema bwana harusi hajawahi kuwa na kiatu kizuri hivyo. Bibi mmoja akaapa ni wa marehemu mumewe, akaomba usiguswe. Wifi mwenyewe hakusubiri upelelezi.

"Ni uchafu tu huo," akasema, akachomoa leso.

Nilipiga kelele asifute. Muziki ukanimeza. Kiatu, ambacho kilikuwa kikavu, hakikutingishika. Akakazana, leso ikapanda juu, na gauni likaondoka nayo. Likatokea goti. Wifi akaliona goti la kahawia, akadhani uchafu unaenea, akaongeza nguvu. Paja, mkanda, mkono uliobetuliwa kiunoni, tai. Muziki ukazimwa. Shemeji alikuwa akifufuka kuanzia chini, na kila mtu ukumbini aliujua mkao ule.

Alikuwepo. Mumewe mama alikuwa amemwalika kimyakimya, akamficha meza ya mwisho karibu na spika. Akaja taratibu hadi mbele ya picha, akajitazama: mzima, mwenye madaha, asiye na kichwa. Akatoa leso yake safi mfukoni, akamkabidhi wifi.

"Dada, malizia. Utaniachaje hivi mbele za watu?"

Wifi akamtazama mama. Mama akatazama dari. Leso ikapita mara mbili, na uso ukatoka, meno yote nje, na juu yake msitu wa nywele ambao shemeji aliyesimama pale hana hata unyasi wake mmoja.

Mama alijizuia kadiri alivyoweza, kisha kicheko kikamponyoka, akashikilia kiti.

"Fundi," akaniambia akifuta machozi, "huyo mwache alipo. Nywele ndizo uzitoe."