Mimea ya Ofisini: Hewa, Macho na Kisahani cha Maji

Wanaotaka mimea iwekwe ofisini hutanguliza hoja ya hewa safi. Chimbuko lake kubwa ni utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, uliotolewa ripoti mwaka 1989 na B. C. Wolverton na wenzake. Waliweka mimea ndani ya masanduku yaliyozibwa, wakaingiza kemikali kama formaldehaidi, ambayo hutoka pia kwenye gundi za samani, wakaona kiwango chake kikishuka. Lakini ofisi huingia hewa na kutoka kutwa nzima. Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, walipozipitia upya tafiti za namna hiyo mwaka 2019, walikokotoa kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita ya mraba ili kulingana na kazi inayofanywa tayari na hewa inayopita katika jengo. Kwa hesabu hiyo, watumishi wangetolewa nje ili mimea ipate nafasi.

Hoja ya macho naiona ina uzito zaidi. Mtu aliyeshinda mbele ya kompyuta hupumzika kidogo anapotazama jani bichi, na mgeni anayesubiri mapokezi huona kwamba mahali hapo panatunzwa. Tatizo ni kwamba mmea uliokauka nao humwambia mgeni jambo.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko gharama, nayo ni mbu. Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, yaani saa za kazi, na huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama, kama yale ya kisahani kilicho chini ya chungu. Kumwaga maji pekee hakutoshi, kwa sababu mayai yake hung'ang'ania ukingoni na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kisahani kinapaswa kusuguliwa kila wiki. Hoja hii naikubali, ila inakishtaki kisahani kilichosahaulika kuliko mmea wenyewe.

Kusahauliwa huko kuna sura ya ajabu, kwa kuwa mimea mingi ya ofisini hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Mhudumu humwagilia asubuhi, katibu muhtasi adhuhuri, na jioni mtu humalizia kwa chai iliyobaki kikombeni. Mizizi huoza, majani hugeuka manjano, na kila anayepita hudhani ni kiu, akaongeza maji. Kidole kikizamishwa udongoni hadi pingili ya pili na kukuta unyevu, maji hayahitajiki.

Zamiokulkasi, mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao asili yake ni ukanda wetu kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, huvumilia ofisi kuliko wenzake: huhifadhi maji katika viazi vyake vya chini ya udongo na hustahimili mwanga hafifu. Utomvu wake huwasha, kwa hiyo anayeupogoa anawe mikono.

Mikataba ya usafi hutaja sakafu, vioo na vyoo, lakini mimea mara nyingi huachwa iwe ya wote. Ofisi isiyoweza kumtaja kwa jina mtu mmoja wa kuishika kazi hiyo ingefaa ianze na chungu kimoja tu cha zamiokulkasi, karibu na dirisha la mapokezi.