Hiyo ni 404, si 504

Mhariri, maelezo chini ya picha ya lile tangazo la zamani la teksi za Nairobi, yanayosema gari ni Peugeot 504, yana kosa. Gari ni Peugeot 404: tazama mapezi ya nyuma na taa za mbele za duara. 504 ina taa za mbele zenye pembe na buti lililoinama.

Gia za 404 zilikuwa kwenye usukani, ndiyo maana kiti cha mbele kilibeba abiria wawili bila kugombana na dereva. Ugonjwa wake ulikuwa feni. Ilishikwa na sumaku ya umeme injini ikipata moto; brashi ya kaboni, kile kipande kinachopeleka umeme kwenye sumaku, ikiisha, feni haishiki, na kwenye foleni rejeta inatokota. Barabarani fundi alikaza zile skrubu tatu za kwenye puli, feni ikazunguka moja kwa moja hadi brashi mpya ipatikane.

Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nayo ilitaka oili yake. Gurudumu la meno la ndani yake ni la shaba, na oili ya gia yenye salfa huila polepole. Wengi walimimina yoyote iliyokuwepo, kisha wakailaumu Peugeot, gari lililoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968!