Eti Hazipikwi

Binti yangu Tumaini kaacha nyama, mayai, maziwa, mpaka asali. Asali, jamani! Nikamuuliza nyuki kamkosea nini. Akanijibu, "Baba, nyuki ndiye anayekosewa." Nikanyamaza. Katika nyumba hii kushindwa nimeshakuzoea.

Jumamosi akaja na jipya: "Baba, leo tutengeneze trufo." Mimi nikasikia trafiki. Moyo ukalipuka paa, nikajua bodaboda yangu ishakamatwa. Kumbe ni vidonge vya chokoleti, vimepewa jina la uyoga fulani wa chini ya ardhi ambao Wafaransa walikuwa wakiufukua kwa msaada wa nguruwe. Eti havipikwi. Dakika ishirini tu, kwisha. Na gesi ilivyo ghali siku hizi, mtu akiniambia kitu hakipikwi nampa kiti akae.

Maelekezo, mstari wa kwanza: chemsha tui zito la nazi.

Nikamtazama. "Baba, maana yake haviokwi kwenye oveni." Sasa mimi oveni naionea wapi hapa Mbagala? Kwa hesabu hiyo hata makande hayapikwi.

Nazi mbili, na mkunaji nani? Baba. Mbuzi yetu ina mguu mmoja umelegea, ukikuna inaringa kama bibi harusi, mara inakupeleka kulia, mara kushoto, na vidole ni vyako. Nakuna, jasho linadondoka, huku nasimamiwa: "Baba, usifike kwenye weusi. Na maji usizidishe, tunataka tui la kwanza tu." Nazi mbili nzima zikatoa tui la kujaza kikombe kimoja, tena kikombe cha wageni.

Chokoleti sasa. Dukani nimegeuza pakiti tatu, nyuma kuna maandishi madogo kama sisimizi waliokufa njaa: maziwa ya unga. Zote. Ya nne haikuwa na maziwa, na bei yake ni kama yule ng'ombe wamelipia wasimtumie. Ukaongezeka na mkebe wa unga wa kakao, na hapo ndipo niliponuna kweli.

Mimi ni mtu wa Kyela. Kakao ya nchi hii, sehemu kubwa inatoka kwetu. Utotoni tulikuwa tunapasua tunda kwa siri, tunanyonya ule ute mweupe, mtamu wenye ukali kwa mbali, na bibi akitukuta ni fimbo, maana kakao iliyonyonywa haichachuki vizuri. Mbegu na ute wake zilifunikwa majani ya migomba siku tano, sita, zinatoa joto na harufu ya pombe, halafu zinaanikwa juani, zinaingia gunia, zinaondoka. Chokoleti yenyewe sikuwahi kuionja mpaka nilipofika Dar. Leo nimeikuta kakao dukani imerudi kwenye mkebe, imevaa Kizungu, inaniuliza kama nina hela. Mimi niliyechapwa kwa ajili yake!

Basi tukaiyeyusha juu ya sufuria ya maji moto. Ikawa laini, inang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Nikafunua mfuniko nichungulie maji, tone moja likadondokea kwenye chokoleti. Tone moja! Ikakakamaa palepale, ikawa tope la mfinyanzi. Tumaini akasema, "Baba!" kwa sauti ileile ya mama yake. Tukamwagia tui la moto kidogo kidogo, tukakoroga, ikarudiwa na fahamu. Usiniulize inakuwaje tone liue na kikombe kifufue.

Kwenye friji ikakaa saa moja, umeme ukakatika. Kuviringisha tukaviringisha hivyohivyo. Chokoleti inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na joto la Februari unalijua, na viganja vyangu vilikuwa bado vina hasira ya kukuna nazi. Kidonge kikiingia kimoja, nusu kinabaki mkononi. Tukavigaragaza kwenye unga wa kakao, vikapatikana kumi na tisa, vingine vina pembe.

Mama mkwe akaingia. Shikamoo, marahaba. Akachukua kimoja, akatafuna taratibu, akakitazama kilichobaki.

"Baba Tumaini, kashata zenu mbona hazijaiva?"

"Mama, hizi hazipikwi."

"Naona," akasema, akachukua cha saba.

Vilivyobaki akavifunga kwenye kikopo, kesho yake akapanda navyo basi la Tanga, mchana kweupe, dirisha upande wa jua. Jioni simu ikaingia: vimefika vimekuwa uji, wamepaka kwenye mkate, watoto wanauliza vingine lini.

Mimi sijajibu. Ila asubuhi hii nimeona mbuzi ya nazi haipo jikoni. Mama Tumaini kaipeleka kwa fundi seremala, ikazwe mguu.