Tunamdai Cavill, hatumdai wa kwetu

Huku Uskoti, tangu ijulikane kwamba Highlander, filamu ya watu wasiokufa wanaopigana kwa panga, inarudi, kila shabiki amekuwa fundi wa panga, na mwanzoni inakera. Itaje tu filamu hiyo, mmoja atakwambia katana, upanga wa Kijapani, ya shujaa Connor MacLeod haiwezekani: mwalimu wake Ramírez anasema ilifuliwa na Masamune mwaka 593 kabla ya Kristo, ilhali Masamune ni fundi wa karne ya 13 na 14 baada ya Kristo. Mwingine atarudia shutuma ya siku zote, kwamba Christopher Lambert mwenye lafudhi ya Kifaransa alipewa kuigiza Mskoti, halafu Sean Connery, mtoto wa Edinburgh, akapewa huyo Ramírez, Mmisri mwenye jina la Kihispania. Kisha anakuja wa tatu na swali la maana: safari hii nani anapanga mapigano, na waigizaji wamepewa muda gani wa mazoezi?

Swali hilo la tatu nyumbani hatuliulizi.

Kujua tunajua, tena sana. Mtu aliyekulia kwenye kibanda umiza, benchi limejaa na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, iko juu ya picha, hafundishwi mapigano na yeyote. Anaona ngumi iliyopita hewani. Anaona kisogo kilichobadilika na kujua kwamba aliyeruka dirishani siye steringi. Anaona adui wa nyuma anayesubiri zamu yake ya kupigwa huku akichezesha mikono ili aonekane ana kazi. Ningemweka mtazamaji huyo ukumbi mmoja na mashabiki wa huku bila wasiwasi wowote, na ningemtegemea yeye.

Lakini mtazamaji huyohuyo, akiwekewa kazi ya kwetu ambamo wanaume wawili wanagusanisha mapanga na kupiga kelele, anasema "wamejitahidi" na kuendelea kutazama. Hollywood anaidai mpaka senti ya mwisho. Wa kwetu anamsamehe kabla hajaomba. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha.

Highlander ya 1986 haikuwa na bahati sokoni. Ilipotoka iliuza vibaya Marekani, na kule ilionyeshwa ikiwa imekatwa dakika kadhaa, pamoja na kipande cha Vita Kuu ya Pili kinachoeleza Rachel ni nani kwa Connor. Kanda za video ndizo zilizoiokoa, na nyimbo za Queen, kisha mfululizo wa televisheni wa Adrian Paul ulioanza 1992 ukadumu misimu sita. Filamu ya pili ya 1991 iliwageuza wasiokufa kuwa watu wa sayari nyingine, na mashabiki wa huku hawajaisamehe hadi leo. Ndiyo maana wanaingoja hii mpya kwa hamu iliyochanganyika na hofu. Mpango wake ulianza kusikika 2008. Chad Stahelski akatajwa kuwa mwongozaji 2016, Henry Cavill akaingia kama mwigizaji mkuu 2021, na 2025 Cavill akaumia kwenye maandalizi, upigaji picha ukasogezwa mbele. Dave Bautista ametajwa kuwa Kurgan, adui mkuu wa Connor, Russell Crowe yumo, na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, naye yumo.

Angalia jinsi wanavyoyapima majina hayo. Stahelski anaaminiwa kwa sababu alikuwa mbadala wa Keanu Reeves wa matukio ya hatari kwenye The Matrix ya 1999 kabla hajaongoza John Wick; maisha yake ni kuanguka, kupigwa na kupanga mapigo. Cavill anaaminiwa kwa sababu ya pigano la mji wa Blaviken kwenye msimu wa kwanza wa mfululizo wa The Witcher, ambapo kamera inakaa naye bila kukatwakatwa na unaona miguu yake. Hata filamu ya zamani wanaitetea kwa hoja ya namna hiyo. Lambert ana macho mabovu kiasi kwamba bila miwani haoni vizuri, na kwenye pigano hawezi kuvaa miwani. Aliyewafundisha panga alikuwa Bob Anderson, aliyeichezea Uingereza mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952, na ambaye mapigano ya Darth Vader kwenye filamu mbili za Star Wars aliyacheza yeye ndani ya vazi. Mtu asiyeona vizuri anapigana na kutoka salama kwa sababu moja tu: kila hatua imekwisha kuingia mwilini kabla kamera haijawashwa.

Najua nitakachoambiwa. "Umeshapanda ndege, sasa unatudharau." "Wao wana mamilioni ya dola, sisi tunaazima hata taa." Hili la dharau nitalirudia. La hela nalijibu sasa, kwa sababu karibu kila kinacholifanya pigano la upanga liaminike kinahitaji muda na nidhamu, na vitu viwili hivyo haviagizwi kutoka nje.

Chukua pigano la dakika moja. Humo mna mapigo kama thelathini, ukiondoa kuzungukana na kupumua. Mnaanza na umbali. Anayepiga ananyoosha mkono na upanga mpaka mwisho, na mwenzake anasimama mahali ambapo ncha inaishia shubiri moja kabla ya kifua. Umbali huo unalindwa kwa miguu: mmoja akisogea hatua, mwingine anarudi hatua ileile. Mapigano mengi mabaya yanaharibikia hapa. Waigizaji wanasogeleana kwa sababu ya joto la tukio, panga zinagongana karibu na mipini, na vidole vya mtu vinaumia.

Mapigo yapewe namba. Moja ni bega la kushoto la anayekinga, mbili la kulia, tatu nyonga ya kushoto, nne ya kulia, tano kichwani. Kila pigo linalenga nje kidogo ya mwili, na la kuchoma linapita pembeni ya nyonga, kamwe halielekei usoni. Halafu kuna kanuni ambayo asiyeifahamu hastahili kushika upanga mbele ya mtu: macho yakutane kwanza, anayekinga aanze kusogea, ndipo pigo lije. Mtazamaji ataona kinyume chake, ataamini pigo ndilo lililotangulia. Mkiigeuza, siku anayekinga atakaposahau hatua moja, namba tano itakikuta kichwa mahali pake.

Kisha mwendo. Siku za kwanza ni robo ya kasi, mapigo matano kwa siku mpaka mwili uyakumbuke wenyewe. Baadaye nusu, mwishoni robo tatu. Kasi kamili haitumiki hata siku ya kupiga picha, maana hapo mtu hawezi tena kuuzuia upanga. Kasi inayokosekana inapatikana kwenye kamera: badala ya fremu 24 kwa sekunde unapiga 22, ukizirudisha kwenye 24 pigano linakwenda haraka zaidi kwa karibu asilimia 9. Kwa kamera isiyo na mpangilio huo, mhariri aongeze kasi kwa kiasi hichohicho. Akizidisha sana, nguo na vumbi vitamuumbua, maana vitaanguka kwa haraka isiyo ya dunia hii.

Tuje kwenye silaha, maana hapa ndipo naogopa kweli. Panga la shambani lililonolewa halina kazi kwenye filamu, hata kama makali yamefunikwa kwa gundi ya karatasi. Wenzetu wanakuwa na upanga mmoja kwa sura nne. Wa chuma, butu, ni wa picha za karibu. Wa alumini ni wa kugonganisha, mwepesi, makali yake yakiwa na unene wa milimita mbili au tatu na ncha iliyoviringwa. Wa mti ni wa mazoezi, na wa mpira ni wa kuanguka nao. Seremala yeyote atakuchongea wa mti, na mwenye karakana ya madirisha ya alumini anaweza kukukatia wa pili.

Ila alumini ina ubaya wake. Kila unapogongwa unatoa vijino vidogo vinavyochana ngozi, kwa hiyo unapigwa tupa kila jioni, na kidole kinapitishwa juu ya kitambaa ukingoni kutafuta palipobaki. Mpini ndio hatari kubwa zaidi. Panga za mapambo zinazouzwa kwa ajili ya ukutani zina kijiti chembamba cha nondo kilichochomelewa nyuma ya bapa. Kwa macho huwezi kujua. Kwenye pigo la ishirini au la mia kinakatika kwenye weldingi, na bapa zima linaruka kuelekea kwa mpiga kamera. Upanga wa kupigania lazima bapa lake liendelee kuwa chuma kilekile mpaka mwisho wa mpini. Upige taratibu kwa fundo la kidole. Ukisikia kitu kinacheza ndani, uweke chini, leo hautumiki.

Cheche za mapigano ya Highlander zinawasumbua wengi. Kabla ya kompyuta njia ilikuwa umeme: nyaya mbili kutoka kwenye betri ya gari zinapita ndani ya mikono ya nguo, kila upanga na waya wake, panga zikigusana zinatoa cheche. Hili msilijaribu. Cheche hizo zinawekwa leo kwenye uhariri bila kumchoma mtu.

Kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa, kwa lenzi ndefu, na ile shubiri ya kifuani inamezwa. Ikae ubavuni kwa lenzi pana, na kila mtu ataiona nafasi iliyo kati yao. Hata sauti ina ukweli wake. Upanga ukitoka kwenye ala ya ngozi hautoi mlio wa chuma kulia, unatoa msuguo mkavu tu. Filamu za kila nchi zinakosea hapo, na mashabiki wa huku wanazisuta zote.

Nirudi kwa anayeniambia nina dharau. Ndugu yangu, dharau ni kumwona mtu hawezi, na kwa hiyo kutomdai chochote. Msanii wetu anayerekodi tukio la mapigano asubuhi aliyoambiwa, juani, na panga lenye makali mkononi mwa mwenzake, ana ujasiri ambao sijausikia kwa hawa wenye bima na daktari pembeni ya kamera. Kipaji kipo. Vijana wa sarakasi wapo, wa karate na kung fu wapo, wa ngoma wanaoshika hatua hamsini bila kuandika popote wapo. Mcheza ngoma ni nusu ya mpigana upanga tayari, kwa sababu pigano la filamu hukumbukwa kwa hesabu na miguu. Halafu watu hao wote tunawaacha nje, tunamchukua mwenye wafuasi wengi na kumkabidhi upanga.

Utasema prodyuza hana siku za mazoezi za kulipa. Nakubali, siku ni hela. Ila mapigo matano kwa siku ni saa moja, na mapigo thelathini ni saa sita zilizogawanywa katika wiki. Yanafanyika uwanjani, kwa fimbo, kabla taa na kamera hazijakodiwa. Hesabu ya pili, ya kurudia tukio mara kumi na tano siku ya kupiga picha kwa sababu hakuna anayejua aanze mguu gani, mbona hiyo tunailipa kila mara bila kulalamika?

Mwingine atasema huku nako kuna filamu mbovu. Zipo tele, na The Source ya 2007 ya Highlander hii hii ni mojawapo. Tofauti ni kwamba walioifanya vibaya walisutwa kwa hoja, kwa kutajiwa tukio na kosa. Watu wa stanti, yaani wanaocheza matukio ya hatari, nao walipiga kelele miaka mingi wapewe heshima, na sasa Oscar imekubali kuanzisha tuzo ya ubunifu wa stanti kwa filamu za kuanzia 2027. Kwetu, kwenye majina ya mwisho wa filamu, jina la aliyepanga mapigano mara nyingi halipo, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Kwa hiyo Highlander itakapofika, mtazameni Cavill kama mlivyomtazama kila steringi: miguu yake, umbali wake, mapigo mangapi yanapita kabla picha haijakatwa, na kama Bautista anaanza kukinga kabla ya kupigwa. Mkiona udhaifu, semeni. Kisha wekeni kazi ya kwetu iliyotoka mwezi huohuo, hesabuni vilevile, na mkikuta picha inakatwa kila pigo moja, mwandikieni prodyuza mumtajie dakika na sekunde, na mumuulize aliyepanga mapigano ni nani.