Xbox kukwama Japani sio ubinafsi wa Wajapani

Mi niko Saitama, huku Japani jirani na Tokyo, mwaka wa sita sasa, na kila nikipiga stori za gemu na washkaji wa Tandika, Dar, lazima mmoja aseme Wajapani wabinafsi bwana, wanapenda vya kwao tu ndo maana Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft wa Marekani, haiuzi huko. Jamani hapana. Panda treni ya asubuhi uone iPhone zilivyojaa mikononi mwa watu, na iPhone ni ya Mmarekani, ingekuwa uzalendo si wote wangekuwa na simu za Xperia za Sony, kampuni ya kwao.

Kumbukeni banda la gemu la kwetu. Kuna mtu aliyewahi kuchagua mashine pale? Ulikuwa unaenda walipo wenzio, mia mbili mechi moja, ukifungwa unaachia pedi, na tulikuwa tunacheza Winning Eleven, gemu za mpira, za Kijapani hatujui kusoma hata herufi moja ila vidole vinajua, duara kukubali, eksi kurudi. Sababu nimekuja kuijua huku. Mwalimu wa Japani akisahihisha daftari jibu la kweli analizungushia duara, wanaita maru, na eksi ni batsu, yaani umekosa, na mtoto anakua na hilo tangu chekechea. PlayStation za Sony za Japani zilifuata hivyo miaka yote, mpaka PS5 ya 2020 ndo eksi ikafanywa kukubali kama ilivyo kwa Wazungu, na watu huku walilalamika kweli. Nintendo, kampuni nyingine ya Kijapani ya gemu, wao wanatumia A, lakini A yao iko kulia, palepale lilipo duara la PlayStation. Sasa njoo kwenye Xbox, A iko chini na kulia kuna B ya kurudi, kwa hiyo Mjapani aliyekulia kwenye hizo mbili kidole kinakwenda kulia chenyewe, anataka kuingia anajikuta ametoka.

Sawa, kitufe peke yake hakiwezi kuua biashara. Kubwa zaidi ni chumba na muda. Changu ni cha mikeka sita, kama mita za mraba kumi hivi, nalala humo nakula humo, na mwenzangu wa kazini mwenye mke na watoto wawili tivii yao ni moja na jioni sio yake. Gemu lake analicheza kwenye treni. Nintendo DS iliuza zaidi ya milioni 30 Japani peke yake, Switch nayo imepita hapo, vyote vya kubeba kwenye begi, na huyo mwenzangu anasimulia enzi zake za sekondari walivyokuwa wanakaa wanne na PSP zao, PlayStation ndogo za mkononi, kwenye mgahawa wa baga wanawinda madude ya Monster Hunter mpaka wanaambiwa wapishe wateja. Nikamwambia kaka hilo ni banda la gemu kabisa, tofauti nyie mnatembea nalo. Miaka yote hiyo Microsoft wanawaletea dude la kukaa chini ya tivii.

Na sio kwamba hawakujaribu, tuwape haki yao. Xbox ya kwanza ilipoingia Japani Februari 22, 2002 Bill Gates, mwanzilishi wa Microsoft, mwenyewe alikuja Shibuya, Tokyo, wakatengeneza na pedi ndogo kwa ajili ya soko hili ambayo baadaye ndo ikatumika dunia nzima. Kwenye Xbox 360, iliyofuata, wakamchukua Sakaguchi, baba wa gemu za Final Fantasy, akawatolea gemu la Blue Dragon mwaka 2006 na wahusika wamechorwa na Toriyama, mchoraji wa katuni za Dragon Ball, na kweli watu walinunua, ila mpaka 360 inaisha maisha yake imeuza kama milioni 1.6 hivi Japani nzima. Halafu wakaharibu wenyewe. Xbox One, ya tatu, ilitoka Marekani Novemba 2013, Japani ikafika Septemba 2014. Hiyo ni kumpelekea mtu kadi ya harusi ubwabwa umeshaliwa, hata angekuwa anakupenda vipi atajisikiaje? Wenyeji wao hawalali, Switch 2 ya Nintendo mwaka 2025 ilitoka ya Kijapani tupu kwa yen 49,980 wakati ile ya lugha nyingi ilikuwa yen 69,980, mgeni ataishusha vipi bei akafika hapo.

Mi mwenyewe nilinunua Xbox ya mtumba mwaka wangu wa kwanza huku. Mashine nzuri, picha safi, sina ubaya nayo, ila nilicheza peke yangu miezi minne maana kazini kote hakuna aliyekuwa nayo, na upweke wa mwaka wa kwanza ughaibuni aliyeupitia anaujua. Nikaiuza nikachukua Switch, wiki hiyohiyo nikawa nacheza Mario Kart na wenzangu wakati wa chakula, na Kijapani changu cha utani nimekipatia hapohapo mezani.

Kwa hiyo kabla hamjawasema Wajapani tena, piteni kwa yule mzee wa banda pale Tandika mmuulize kwa nini miaka yote hiyo hajawahi kuweka Xbox hata moja. Atawaonyesha pedi zake, CD zake na fundi wake anayejua PS tu, halafu atawaonyesha benchi la vijana wanaosubiri zamu.